Kuthubutu au kubaki mezani: punje ya maharage ina bei gani kwenye poka ya mtoano?

Wamebaki wanne mezani na zawadi ni tatu. Atakayetoka sasa ataondoka mikono mitupu. Watatu watakaobaki watagawana kilo 100 za mchele wa Kyela, wa kwanza kilo 50, wa pili 30, wa tatu 20. Kete ni punje za maharage, 200 kwa jumla. Kiongozi anazo 100. Wewe unazo 40, na aliye kushoto kwako naye 40. Wa nne, aliyejikunyata ndani ya koti kwa sababu ni Juni na hapa ni Mbeya, amebakiwa na 20. Kiongozi anasukuma punje zake zote katikati bila hata kuchungulia karata alizopewa. Wengine wawili wanatupa zao. Unainua pembe za karata zako: Esi na Kingi.

Unafuata, au unatupa?

Swali hili limewahi kuvuruga kikao kizima cha karata pale Uyole. Kijana mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu Chunya alikuja juu: "Mwalimu, huyu mtu hata hajui ameshika nini! Ukitupa Esi na Kingi hapo, unasubiri nini tena?" Mwalimu, mstaafu ambaye huwa hapandishi sauti, akamjibu akiwa bado anachanganya karata: "Mwanangu, mwone yule mwenye punje ishirini. Mwache atangulie yeye." Kila upande ukapata watu wake, chai ikapoa.

Mwalimu alikuwa sahihi. Ila sababu iliyompa ushindi kwenye ubishi ule ndiyo hiyohiyo inayomtoa mapema karibu kila anapocheza, maana ameichukua kama msimamo wa maisha wakati ni jibu la hesabu moja. Hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya sehemu na asilimia za shule ya msingi.

Kwa waliokulia kwenye lasti kadi na hawajawahi kukaa kwenye poka: aina inayochezwa zaidi duniani ni Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati kwa ajili ya wote, na kati ya zile saba kila mmoja huunda mkono wake bora wa karata tano. Hatua kwa hatua watu huweka dau, hupandisha, hufuata (yaani huweka kiasi kilekile) au hutupa. Kila zinapogawiwa karata, wachezaji wawili hulazimika kuweka dau kabla ya kuona walichopata, mmoja dau dogo na mwingine dau kubwa, na zamu hiyo huizunguka meza. Kwenye mtoano wote huanza na kete sawa, dau la lazima hupanda kila baada ya muda, na anayeishiwa kete anatoka. (Ukianza kuweka fedha badala ya maharage, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake zinakuhusu, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Kwa kujifunza, maharage yanatosha, na ukishindwa unayapika.)

Kete haibadilishwi kwa mchele

Kwenye meza ya kawaida ya fedha, kete ya shilingi 1,000 ni shilingi 1,000. Unaweza kuinuka saa yoyote ukaibadilisha na kwenda zako. Ukiona nafasi ya kushinda ni asilimia 51 dhidi ya 49, unaichukua, kwa sababu ukimalizwa unatia mkono mfukoni na kuanza upya, na asilimia zile mbili zitakulipa siku za mbele.

Mtoano una utaratibu mwingine. Kete huwezi kutoka nazo. Hata atakayezoa punje zote 200 hapewi kilo 100, anapewa 50. Zile 50 nyingine zinakwenda kwa watu wawili ambao mwishoni hawakuwa na punje hata moja. Wamelipwa kwa kuchelewa kutoka, basi.

Sasa fikiri. Ikiwa mtu amekusanya kila punje iliyokuwepo na bado amepata nusu tu ya mchele, ina maana kwamba mahali fulani njiani punje zilikuwa zinapungua bei kadiri zilivyorundikana kwake. Wazo hili ni la zamani kuliko poka yenyewe. Daniel Bernoulli aliliandika mwaka 1738 alipokuwa akijadili kamari moja ya kubuni ambayo kwa hesabu ya wastani thamani yake haina mwisho, ilhali hakuna mwenye akili timamu ambaye angetoa fedha nyingi kuicheza. Fedha ileile, alisema, haina uzito uleule kwa tajiri na kwa maskini. Mkulima wa Umalila hahitaji kufundishwa hilo: gunia lake la mwisho la mbegu ya viazi haliuzi kwa bei aliyouzia la ishirini.

Tofauti ni kwamba Bernoulli alizungumzia jinsi mtu anavyoionja fedha. Kwenye mtoano, kushuka kwa bei kumeandikwa kwenye jedwali la zawadi, ubaoni, kabla karata hazijagawiwa. Hata asiyejua woga ni nini, punje zake zinashuka.

Tuanze na meza rahisi. Watu wanne, kila mmoja punje 50, zawadi ni zilezile. Kwa kuwa hakuna aliyemzidi mwenzake, kila mmoja ana haki ya wastani ya kilo 25, yaani kila punje ni gramu 500. Wawili wanagongana kwa punje zote. Mmoja anatoka, mwingine anakuwa na 100, na wale wawili waliokuwa wakitazama wamebaki na 50 kila mmoja.

Mshindi ameongeza punje mara mbili. Mchele wake je? Ana nusu ya punje zote, kwa hiyo tumpe nafasi ya nusu ya kumaliza wa kwanza. Asipokuwa wa kwanza, atagombea nafasi ya pili na mtu mwenye punje 50 huku yeye akiwa na 100, ambayo ni theluthi mbili. Theluthi mbili ya ile nusu iliyobaki ni theluthi moja. Nafasi ya tatu inabakiwa na sehemu moja ya sita. Zidisha kila nafasi kwa zawadi yake: 25, jumlisha 10, jumlisha 3.3. Jibu ni kilo 38.3.

Punje 50 za kwanza zilikuwa na thamani ya kilo 25. Punje 50 alizozinyakua zimemwongezea kilo 13.3 tu. Aliyetoka, kwa upande wake, amepoteza kilo 25 kamili. Kuna kilo 11.7 hapo katikati ambazo mmoja amezipoteza na mwingine hakuzipata. Zimekwenda kwa wale wawili waliokuwa wamekunja mikono: kila mmoja amepanda kutoka kilo 25 hadi 30.8 bila kugusa karata. Mimi huwa narudia hesabu hii kwa kila anayeanza, maana ndani yake kuna karibu kila kitu. Wawili wakipigana karibu na zawadi, wanaofaidika kwa uhakika ni watazamaji.

Kwa hiyo ukitaka kuhatarisha kilo 25 ili ufike 38.3, inabidi uwe na nafasi ya kushinda isiyopungua 25 gawanya kwa 38.3. Ni asilimia 65. Kwenye meza ya fedha ungeridhika na 50.

Njia hii ilitoka kwenye mbio za farasi. Mwaka 1973 David Harville alionyesha namna ya kukadiria nani atakuwa wa pili na wa tatu ikiwa unajua tu nafasi ya kila farasi kuwa wa kwanza: mwondoe mshindi, kisha gawanya upya nafasi kati ya waliosalia, na uendelee hivyo. Miaka ya 1980 Mason Malmuth aliihamishia kwenye poka, kete zikashika mahali pa farasi. Wachezaji huiita ICM, kifupi cha Independent Chip Model. Siku hizi programu inaitoa kwa kufumba na kufumbua, lakini kwa meza ya watu watatu au wanne kalamu na karatasi ya daftari vinatosha.

Esi na Kingi zinatupwa

Turudi kwenye meza ya swali letu, ya punje 100, 40, 40 na 20. Ukiipitisha kwenye kanuni hiyohiyo, kiongozi ana kilo 37.2, wewe na wa kushoto kwako mna 24.3 kila mmoja, na yule wa koti ana 14.2. Gawanya kwa punje uone: punje moja ya kiongozi ni gramu 372, yako ni gramu 608, na ya mwenye chache kuliko wote ni gramu 708. Maharage ni yaleyale, yametoka kwenye debe moja.

Ukimfuata kiongozi ukashindwa, unatoka ukiwa wa nne na hupati kitu. Ukishinda, unakuwa na punje 80, yeye anabaki na 60, na thamani yako inafika kilo 33.6. Maana yake unaweka kilo 24.3 mezani ili uongeze 9.3. Ili biashara hiyo isikutie hasara, inabidi ushinde mara 72 katika kila mara 100.

Esi na Kingi dhidi ya karata zozote zile hushinda kama mara 65 kati ya 100 zikiwa za alama tofauti, na 67 zikiwa za alama moja. Hazifiki. Pea ya nane, yaani nane mbili, ina 69, haifiki. Pea ya tisa, 72, inasimama kwenye mstari wenyewe. Kuanzia pea ya kumi, ambayo ni 75, ndipo unapofuata kwa moyo mweupe. Dau la lazima ulilokwisha kuweka hushusha kizingiti kidogo, kwa hiyo usinishike kwenye asilimia moja au mbili, lakini umbali kati ya 65 na 72 haufutwi na dau dogo.

Na sababu kubwa ni yule aliyejikunyata. Akitoka yeye kabla yako, kilo 20 zimeshaingia kwako hata kama hutashinda mkono mwingine. Kufuata sasa ni kujitolea kutoka kabla yake.

Hapo ndipo Mwalimu anapofunga daftari, na hapo ndipo anapokosea. Mwondoe yule wa koti; tuseme ametoka mkono uliopita. Mmebaki watatu, kiongozi ana 100, wewe 50, mwenzako 50, na kila mmoja ana uhakika wa kilo 20. Kiongozi anafanya kituko kilekile, wewe una Esi na Kingi zilezile. Thamani yako sasa ni kilo 30.8. Ukishindwa, unachukua 20 zako na kwenda. Ukishinda, unafika 38.3. Kizingiti kimeshuka hadi asilimia 59. Esi na Kingi zina 65. Unafuata, na usipofuata unaacha mchele mezani.

Karata hazikubadilika, wala kiongozi. Kilichobadilika ni kwamba mstari wa zawadi, ule mpaka kati ya anayelipwa na asiyelipwa, umeshapita. Mwalimu hutupa kwenye meza zote mbili, kijana wa Chunya hufuata kwenye zote mbili, na kila mmoja huondoka akiamini kuwa siku aliyopatia ilithibitisha tabia yake.

Hatari ya kusukuma na hatari ya kufuata

Tukae kidogo upande wa kiongozi, kwa sababu tumemwita mtu wa vituko na pengine tumemwonea. Akisukuma na wewe ukamfuata na kumshinda, anabaki na punje 60 na thamani yake inashuka kutoka kilo 37.2 hadi 29.5. Anaumia kwa kilo 7.7, lakini bado anacheza. Akikushinda, anafika 43.5, ongezeko la 6.3. Anachohatarisha kinakaribiana na anachotafuta. Wewe unahatarisha kila kitu kwa ajili ya ongezeko la zaidi kidogo ya theluthi.

Halafu, hayo yote ni endapo utafuata. Tumeshaona kwamba ukiwa na akili utatupa karibu karata zote isipokuwa pea kubwa. Naye anajua kwamba unajua. Kwa hiyo kusukuma kwake bila kuangalia, ingawa ni ubishoo ambao singemshauri mtu, kuna hesabu nyuma yake: mara nyingi atakusanya dau la lazima bila kuonyesha karata. Mstari wa zawadi unaokuamuru wewe utupe ndio uleule unaomruhusu yeye asukume.

David Sklansky, mmoja wa walioiandikia poka nadharia yake, alilieleza hili kwa wazo la pengo: inahitajika karata nzuri zaidi kumfuata mtu aliyekwisha kupandisha kuliko kupandisha wewe mwenyewe. Anayesukuma ana milango miwili ya kushinda, wenzake watupe, au wafuate na karata zake zisimame. Anayefuata ana mlango mmoja.

Mfano wa kete tupu, tukiacha zawadi pembeni. Una kete zinazotosha madau makubwa 10. Katikati kuna 2.5 zilizolazimishwa. Karata zako ni dhaifu, na ukisukuma zote, aliyebaki nyuma yako atatupa mara 60 kati ya 100. Akifuata, utashinda mara 35 tu. Hesabu inakwenda hivi: mara 60 unaokota 2.5, mara 40 zilizobaki unapata 11.5 (10 zake na 1.5 zilizolazimishwa wengine, maana dau 1 katika zile 2.5 ni lake) kwa nafasi ya 35 na kupoteza 10 kwa nafasi ya 65. Ukijumlisha yote, wastani unabaki na faida ya nusu dau kila unaposukuma. Umeingia na karata ambazo zikifunuliwa hushindwa zaidi ya nusu ya mara, na bado umepata. Karata hizohizo ukimfuatia mtu aliyesukuma yeye, ni hasara moja kwa moja.

Kwa hiyo mtu akisema "leo nacheza kwa tahadhari", muulize: tahadhari ya kusukuma au ya kufuata? Karibu na zawadi, ya kufuata ina maana sana. Ya kusukuma mara nyingi ni woga uliovaa koti la busara.

Kusubiri kuna kodi

Dau la lazima likipanda, aliyekaa kimya analipa kama wengine. Paul Magriel, aliyekuwa bingwa wa bakgamoni kabla ya kujulikana kwenye poka, alipendekeza kipimo rahisi kuliko vyote: chukua kete zako, gawanya kwa gharama ya kuizunguka meza mara moja. Dan Harrington, aliyeshinda shindano kuu la dunia mwaka 1995, ndiye aliyekieneza. Chukua meza ya watu tisa, madau ya lazima 100 na 200, na kila mtu anaongeza 25 kila mkono. Mzunguko mmoja ni kete 525. Mwenye 5,250 anaweza kukaa mizunguko 10 bila kucheza. Madau yakipanda mara mbili, imekuwa mitano, na hajapoteza mkono hata mmoja.

Sasa Mwalimu anasubiri Esi mbili. Esi mbili huja kwa wastani mara moja katika kila mikono 221. Kwenye meza ya watu tisa hiyo ni zaidi ya mizunguko 24. Ana mizunguko 10, na inazidi kupungua. Hata pea ya aina yoyote huja mara moja katika mikono 17.

Kuna ubaya mwingine unaosahaulika. Kete zikishuka hadi madau mawili au matatu, kusukuma kwako hakumtishi mtu. Aliyeweka dau kubwa ataona kuongeza kidogo tu kunamtosha kukuona, na atakufuata na karata yoyote. Mlango ule wa kwanza, wa wenzako kutupa, umefungwa. Ndiyo maana wazoefu husukuma wakiwa bado na madau 10 hivi, wakati tishio lao lina uzito, kuliko kungoja karata nzuri mpaka pasiwe na wa kuogopa.

Soma jedwali la zawadi kabla ya karata

Zawadi zikigawanywa vingine, majibu yote hapo juu yanahama. Tuseme kilo zote 100 ni za mshindi mmoja. Kila punje ni gramu 500 tangu mwanzo hadi mwisho, kubaki wa pili ni sawa na kutoka wa kwanza, na kijana wa Chunya ana haki kwa kila neno alilosema.

Kinyume chake ni mashindano ya kufuzu, ambayo zawadi zote zinalingana: tiketi 10 za kuingia shindano kubwa, na wa kwanza hapati zaidi ya wa kumi. Chris Moneymaker aliingia hivyo kwenye shindano kuu la dunia mwaka 2003, kupitia mashindano madogo ya intaneti badala ya kulipa kiingilio cha dola 10,000, akashinda dola milioni 2.5 kati ya washiriki 839 kule Las Vegas. Kwenye mashindano ya namna hiyo kuna wakati unatupa hata Esi mbili. Mmebaki 11 kwa tiketi 10, una kete nyingi na nafasi yako ya kufuzu ni asilimia 97. Mwenye kete nyingi kuliko wewe anasukuma. Esi mbili dhidi ya karata zozote hushinda 85. Ukifuata, umeshusha 97 kuwa 85 kwa ajili ya kete ambazo hazitakununulia kitu. Wapo watu ambao hata ukiwafanyia hesabu hii mbele yao watafuata tu, kwa sababu Esi mbili ni Esi mbili. Hao ni wa kuwapenda.

Mashindano makubwa yako katikati, lakini yameegemea sana juu. Shindano kuu la dunia la mwaka 2023 lilikuwa na washiriki 10,043. Waliopata zawadi ya chini kabisa walichukua dola 15,000. Bingwa alichukua milioni 12.1, zaidi ya mara 800. Anayejibanza kwa saa nyingi ili afike kwenye 15,000 amejihakikishia faida ya dola 5,000 juu ya kiingilio, na amefika akiwa na kete chache ambazo hazimfikishi kule fedha zilikolala. Mstari wa zawadi upo hata hapo, ila ni mwembamba, na wanaouogopa kupita kiasi ndio wanaowalisha wasiouogopa.

Wapenzi wa kubaki mezani hupenda kumtaja Jack Straus. Mwaka 1982, kwenye shindano hilohilo, inasimuliwa kuwa alidhani amekwisha, akainuka, kisha akakuta kete moja imejificha mezani. Akarudi kukaa na hatimaye akawa bingwa kati ya watu 104. Usemi wa Waamerika kwamba kete moja na kiti vinatosha unahusishwa naye. Mimi naona hadithi hii inatumika vibaya. Kete moja ina thamani, ndiyo, na ICM inakubali: ya mnyonge ndiyo ghali kuliko zote. Lakini Straus hakuukalia ubingwa. Mwenye kete moja hana namna nyingine ila kuiweka yote, tena na tena. Na waliobakiwa na kete moja wakatoka mkono uliofuata hawasimuliwi na mtu.

ICM nayo haioni kila kitu. Inawachukulia wote kuwa wana ujuzi sawa. Haijui kwamba mkono ujao ni zamu ya nani kulazimishwa dau: kama ni ya yule mwenye punje 20, na dau ni 10, kutupa kwako leo kuna thamani kubwa kuliko kanuni inavyosema, kama ni yako, ndogo zaidi. Wengine huongeza hoja ya ustadi, kwamba mchezaji bora akwepe mapambano ya 55 kwa 45 kwa kuwa atapata nafasi safi zaidi baadaye. Ina ukweli kidogo pale mwanzoni, madau yakiwa madogo. Kwa wengi niliowasikia wakiitoa, hata hivyo, ustadi wenyewe haujaonekana.

Kisha wa tatu anatoka, wanabaki wawili. Kila mmoja ana uhakika wa kilo 30, na kinachogombewa ni kilo 20 za tofauti kati ya wa kwanza na wa pili. Gawanya kwa punje 200: gramu 100 kila moja, ya mwenye 180 na ya mwenye 20 sawasawa. Hakuna tena mnyonge wa kumsubiri atangulie, wala mtazamaji wa kufaidika na ugomvi. Asilimia 51 inatosha kufuata, na anayeendelea kutupa karata akisubiri pea anamhamishia mwenzake gramu 100 kwa kila punje ya dau la lazima anayoiacha.